Muulize Ami: Chubwi Langu Halifiki Mbali

Barua zilizonifikia mwezi huu, karibu zote zauliza habari za masafa: nitupeje mshipi wa kuvulia na chubwi lake, ile risasi ya kuuzamisha, ufike mbali. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna hatari ambayo mwenye barua ameitaja kama jambo dogo.

Shikamoo Ami. Mimi ni kijana wa Kisauni hapa Mombasa, siku za kazi niko gereji na Jumapili nashuka Nyali kuvua. Mwaka huu nimejinunulia fimbo ya futi 14 na rili kubwa ya kukunjia mshipi, ile ambayo bobini yake imesimama tu na mshipi unatoka kwa mbele. Nimeijaza mshipi wa milimita 0.50 ili mwamba usiukate. Naweka chubwi la aunsi 5 na ndoana tatu, chambo pweza. Natupa kwa nguvu zangu zote, lakini nikipima kwa hatua halijapita mita 60. Pale pale kuna mzee mwembamba, hana hata misuli, na anatupa karibu mara mbili yangu. Pia kuna wakati mshipi umekatika nikitupa, chubwi likaenda zake. Ninunue fimbo gani nifike mita 150? Fundi wa Kisauni.

Marahaba, mwanangu. Usinunue fimbo nyingine. Hiyo uliyo nayo yatosha, na mita unazozikosa hazimo dukani. Lakini kabla ya kufika huko, nataka tukae kidogo na hilo chubwi lililokwenda zake.

Chubwi la aunsi 5 ni gramu 140 za risasi. Ili lifike mita 100 sharti litoke kwenye ncha ya fimbo kwa kasi inayozidi kilomita 110 kwa saa, kasi ya matatu inayokimbizana na wenzake kwenye barabara ya Malindi. Mshipi ukikatika mwishoni mwa mtupo, chubwi laenda baharini na hasara ni yako. Ukikatika mwanzoni, fimbo ikiwa bado iko nyuma yako, chubwi laruka kando, sambamba na ufuo. Na ufuo wa Nyali Jumapili jioni una nani? Watoto wanaopiga mpira, kina mama waliotandika leso, mwenye ngamia na mgeni juu yake. Kipande hicho cha risasi kikimpata mtoto kichwani kitamuua. Nakusihi, usitupe tena hata mara moja kabla hujafunga lida.

Lida ni kipande cha mshipi mnene kinachokaa kati ya mshipi wako wa kawaida na mtego, yaani chubwi na ndoana zake. Kazi yake ni kubeba mshtuko wa kurusha. Kanuni wanayoifuata wavuvi wa fimbo kila mahali ni nyepesi kukumbuka: kila aunsi moja ya chubwi, ratili 10 za nguvu ya mshipi. Chubwi lako la aunsi 5 lataka lida ya ratili 50, yaani kilo 23 hivi. Ukishuka hadi aunsi 4, ratili 40 zatosha. Urefu wake uwe wa kuzunguka bobini mara sita au zaidi, kupita fimbo nzima, na kuteremka mpaka kwenye chubwi. Kwa fimbo ya futi 14 kata mita 10. Fundo la kuunganisha liwe jembamba, masalio yake yakatwe karibu, na ukikunja rili mara ya mwisho kabla ya kutupa hakikisha fundo limelala upande wa nyuma wa bobini, lisikwaruze mizunguko mingine linapotoka. Kila ukimaliza kuvua, pitisha mita mbili tatu za mwisho kati ya kucha zako. Ukihisi mkwaruzo, kata ufunge upya. Matumbawe yetu huila nailoni pasipo jicho kuona.

Ukishakuwa na lida, mlango wa masafa umefunguka, na nitakueleza kwa nini. Uliweka 0.50 ukiuogopa mwamba. Mshipi huo, ukiukata na kuutazama mdomo wake, una eneo mara mbili ya ule wa 0.35. Maana yake bobini yako inabeba nusu tu ya urefu ambao ingebeba, na kila mita inayotoka inakamatwa na hewa na kulivuta chubwi nyuma. Chubwi haliruki peke yake, laburuta mshipi wote ule angani. Sasa kwa kuwa mshtuko wa kurusha unabebwa na lida, mshipi mkuu waweza kushuka hadi 0.35 bila wasiwasi. Na hofu yako ya mwamba nayo inapata jibu, kwa sababu kinacholala chini karibu na mtego, penye mawe, ni lida yenyewe.

Jaza bobini mpaka ibaki milimita 2 hivi kufika ukingoni. Ikipungua sana, mshipi unasugua ukingo kila unapotoka na mita zinapotelea hapo. Ikizidi, mizunguko inatoka kwa mafungu na kujifunga fundo la kukuharibia jioni nzima. Utashauriwa pia ununue uzi wa kusukwa. Ni kweli, ni mwembamba kwa nguvu yake na huruka mbali. Lakini ukigusa tumbawe ukiwa umekazika hukatika upesi kuliko nailoni, na ukiupa nafasi utakukata kidole vibaya. Kwa ufuo kama wetu mimi nakushauri ubaki na nailoni.

Tuje kwa mzee mwembamba. Simjui, lakini najua afanyalo, maana kila atupaye mbali hufanya hivyo: anaanza polepole. Siku ukimwona tena usilifuate chubwi kwa macho, tazama nyonga zake. Kama atumia mkono wa kulia, atasimama bega la kushoto likielekea baharini, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Chubwi limening'inia mita moja na nusu chini ya ncha ya fimbo, au amelilaza mchangani nyuma yake, mshipi umekazika. Mkono wa kulia, ulioshika penye rili, umenyooka nyuma. Wa kushoto, ulioshika kitako cha fimbo, uko mbele ya uso. Kinachoanza kwenda ni mwili: nyonga, kisha kiuno, kisha mabega, na fimbo inafuata nyuma ikianza kupinda taratibu. Uzito ukishahamia mguu wa kushoto na kifua kimeikabili bahari, hapo ndipo mikono inapoingia. Wa kushoto unavuta kitako chini kwa ghafla hadi kwenye mbavu, wa kulia unasukuma juu na mbele, yote kwa wakati mmoja, na kidole kinaachia.

Wewe umeniambia watupa kwa nguvu zako zote. Nakuamini, na naamini nguvu hizo unazimwaga mwanzoni. Fimbo yapinda mapema, yanyooka mapema, na chubwi linapoachiwa nguvu imekwisha. Kinachohesabiwa ni kasi ya chubwi pale linapoachana na fimbo, basi. Ukiongeza kasi hiyo kwa asilimia 10, masafa huongezeka karibu asilimia 20, kabla hewa haijachukua fungu lake. Kwa hiyo ule mvuto wa mwisho wa mkono wa kushoto, ambao wengi hawaufanyi kabisa, ndio wenye mita zako. Jizoeze huo peke yake, kwa chubwi tupu, hata kwa nusu ya nguvu, mpaka mkono wa kushoto uzoee kuvuta bila kuambiwa.

Pembe ya kuachia iwe kiasi cha nyuzi 45 kama hakuna upepo. Upepo ukikupiga usoni, shusha kidogo. Kidole kinachoshikilia mshipi kivishe kipande cha ngozi, kidole kilichokatwa kwenye glavu kuukuu chafaa sana, la sivyo lida itakuchana. Na huo mtindo wa kulaza chubwi mchangani nyuma, ufanye mahali ambapo nyuma na kando hakuna mtu kabisa. Penye watu tupa kwa juu ya kichwa, chubwi likining'inia, likienda moja kwa moja kutoka mgongoni kuelekea baharini. Utapoteza mita chache. Zipoteze.

Chambo nacho kinakula masafa. Ndoana tatu za vipande vinene vya pweza zinapepea hewani na kukushika. Weka moja, au mbili zikizidi. Pweza mkate vijipande virefu vyembamba, mchome kwa urefu, umfunge kwa uzi mwembamba wa kushonea asiteleze akajikunja kwenye ndoana. Uzuri wa pweza ni kuwa ni mgumu, hang'oki angani kama kamba mbichi. Kisha chukua waya mgumu, kunja kijindoano kidogo juu ya chubwi, na utundike ndoana yako ya kuvulia hapo kabla ya kutupa. Chambo kitasafiri kimejificha nyuma ya chubwi, na kikigonga maji kitajinasua chenyewe. Chubwi lenyewe liwe la umbo la tone. Wengine pale hufunga plagi kuukuu za gari, nazo huzama vizuri tu, lakini angani hubingirika na haziendi popote. Wewe ni mtu wa gereji, najua plagi ziko tele, ziache huko huko.

Ukifanya yote hayo utafika mita 90, pengine 100, na chambo juu. Mita 150 usizifikirie. Wale mabingwa wa Ulaya wanaopita mita 250 hutupa kwenye uwanja wa nyasi, chubwi tupu, mshipi mwembamba sana, na wameyafanya maisha yao yote. Mvuvi wa ufuoni anayefika mita 100 na chambo kikiwa kizima ni mtupaji hodari.

Sasa lile hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko ulilouliza. Unataka mita 150 ufikie nini? Mwamba wa Nyali uko mbali, hakuna fimbo wala mkono utakaouvuka ukiwa umesimama ufuoni. Unapotupa, unatupa ndani ya maji yaliyozingirwa na mwamba, na humo ndani samaki hawapangwi kwa umbali. Wamepangwa kwa chini: mfereji, ukingo wa majani ya bahari, jabali lililojitenga na mchanga. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hapa Mombasa siku hizo hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Mungu ametupa ratiba nzuri kuliko hiyo? Nenda saa nne, miguu mitupu usiende, vaa raba, utembee juu ya kile utakachokuja kukivulia alasiri. Anzia kwenye ule mstari wa mwani unaoachwa na maji yakijaa na uhesabu hatua. Utakuta mfereji kwa hatua 40, au ukingo wa majani kwa hatua 65. Utazame ulipo ukilinganisha na mnazi fulani au ukuta fulani, uuweke kichwani. Alasiri ukirudi huna haja ya kubahatisha.

Maana samaki nao huja na maji. Chaa hufuata ukingo kabisa, penye mchanga uliotikiswa na wimbi, wakitafuta wadudu. Changu hutembea ukingoni mwa majani. Kolekole, jua likizama, huwafukuza samaki wadogo mpaka kwenye maji ya magotini. Na wewe uko hapo umesimama magotini, chambo chako kiko mita 100 mbele, mtego umewapita wote. Jambo hili lanisikitisha kila Jumapili ninapopita pale, kwa sababu vijana wanarudi nyumbani mikono mitupu wakidhani kosa ni fimbo.

Masafa yana siku zake, sikatai. Siku za maji mafu, bahari inapopanda kidogo na kushuka kidogo, samaki hawasogei karibu sana, na pia yale maji ya mwisho ya kupwa huwatoa mpaka kwenye mifereji ya mbali. Hapo mita 90 zina kazi. Jedwali la maji ya Kilindini hutolewa na Mamlaka ya Bandari, litafute, na ukumbuke kila siku saa husogea mbele kama dakika 50.

Na upime masafa kwa rili badala ya macho. Nyosha mshipi mchangani, zungusha mpini mara 10, pima umevuta mita ngapi. Toka hapo kila unapokunja utajua chubwi lilikuwa wapi, na samaki akishika utajua urudi wapi.

Ami, salaam aleikum. Mimi ni mama wa Likoni. Navua ufuo wa Shelly kwa mshipi wa mkono, fimbo sina wala sina haja nayo. Nauzungusha juu ya kichwa nikiuachia, lakini mara nyingi mshipi ulio chini unajifunga, na vidole vyangu vimekatika. Wanaume wa pale wananiambia bila fimbo siendi popote. Mama Likoni.

Waleikum salaam, dada yangu. Hao waambie wamuulize mvuvi yeyote mwenye mtumbwi hapa pwani anavua kwa kifaa gani: wengi mpaka leo ni mshipi wa mkono. Na kutoka ufuoni pia unatupika vizuri, ukiuondoa mchangani.

Tafuta chupa ngumu ya lita moja, iliyo laini ubavuni, isiyo na mikunjo. Funga mwisho wa mshipi shingoni usijetoroka, kisha uuzungushe mwilini mwa chupa karibu na kitako, mizunguko ilale sawasawa, isipandane. Unapotupa, mkono wa kushoto umeshika chupa shingoni, kitako kimeelekea baharini. Mkono wa kulia umeshika mshipi kiasi cha mita moja juu ya chubwi. Usizungushe juu ya kichwa, zungusha ubavuni mwako, kutoka chini kwenda mbele na juu, mara mbili tatu tu mpaka uhisi chubwi limekaza mshipi, kisha uachie linapopanda mbele. Mshipi utateleza kwenye kitako cha chupa bila kujifunga. Chubwi la gramu 70 au 80 latosha. Ukizoea, mita 30 hadi 40 hazikushindi, na siku ya maji kujaa hizo ni nyingi.

Vidole: chukua mpira wa ndani wa baiskeli, ukate pete mbili za upana wa kidole, uvae cha shahada na cha kati. Na usivue kwa mshipi mwembamba wa fimbo. Wa mkono uwe wa 0.60 au zaidi, haukati sana na unashikika ukilowa. Ukimpata tafi, mshike kwa kitambaa, miiba yake ina sumu na wewe una kazi za nyumbani zinazokungoja.

Tena chagua pa kusimama. Upande wa kisiwani, chini ya barabara ya Mama Ngina kwenye mlango wa bandari, au kule Mji wa Kale upande wa bandari ya zamani, kina huanza karibu kuliko ufuo wa mchanga, na mshipi wa mkono hapo haupungukiwi na kitu. Ukiwa pembeni mwa mawe, lakini, usivue peke yako, na usiipe bahari mgongo.

Kwako Ami. Mimi ni mwalimu, nakaa Shanzu. Kuanzia Aprili mpaka kusi kiishe, mshipi wangu hauelekei nilikotupa. Unapinda kama upinde, na chubwi linavutwa mpaka ufuoni. Nifanyeje? Mwalimu wa Shanzu.

Mwalimu, ukiikabili bahari pale Shanzu, kusi inakupiga kutoka kulia na mbele. Kaskazi ikiingia, mambo yatageuka, itakupiga kutoka kushoto. Kwa hiyo wakati wa kusi elekeza mtupo wako kulia kidogo ya pale unapopataka, upepo utamalizia.

Upinde unaouona huzaliwa mshipi ukiwa bado angani, mwingi kuliko chubwi linavyouhitaji. Chubwi likikaribia kugusa maji, gusa ukingo wa bobini kwa kidole, mshipi uzuiwe kidogo na kunyooka. Likishagusa, shusha ncha ya fimbo mpaka karibu na maji na ukunje upesi kile kilicholegea, kabla upepo haujakinyanyua. Tupa chini chini, si juu. Mshipi mwembamba unasaidia hapa kuliko popote pengine, na maneno ya lida niliyomwandikia Fundi yanakuhusu nawe pia.

Chubwi lako badilisha: tafuta lenye miguu minne ya waya inayojichimbia mchangani. Ukivuta kwa nguvu miguu hukunjuka na kuachia. Yale laini yote hubingirika wakati wa kusi.

Kama ratiba ya shule yakuruhusu, amka mapema. Alfajiri, kabla kusi haijaamka, umande, ule upepo mwanana wa alfajiri, hutoka nchi kavu na kukupulizia mgongoni. Nusu saa hiyo unatupa mbali bila jasho, na bahari imetulia. Siku maji ya kujaa yakiangukia alfajiri, siku hiyo usilale.

Ami, kijana wangu ana miaka 11 na amenishikilia nimpeleke kuvua Bamburi. Anataka fimbo ndefu kama anazoziona. Nimnunulie? Na je, pale panaruhusiwa? Mzazi wa Mtopanga.

La pili nalijibu kwanza, na Fundi wa Kisauni asome hapa pia. Mbele ya fuo hizo za Nyali na Bamburi kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986. Ina sehemu mbili. Ndani, kilomita za mraba 10, hakuna kuvua kwa namna yoyote. Nje yake kuna eneo la akiba la kilomita za mraba 200 ambamo uvuvi wa kienyeji umeruhusiwa kwa masharti. Mpaka hauonekani kwa macho ukiwa umesimama mchangani, kwa hiyo kabla ya kufungua mkoba muulize askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori, au viongozi wa BMU, kamati ya kusimamia ufuo, katika bandari ya wavuvi iliyo karibu nawe, wakuonyeshe. Mimi nashukuru mpaka huo upo. Samaki wanaokulia mle ndani hawakai mle milele, wanatoka, nasi ndio tunaowavua.

Fimbo ndefu usimnunulie. Kwa mtoto wa miaka 11 futi 14 ni mzigo, itamgeuza yeye badala ya yeye kuigeuza. Mpe ya futi 9, rili ndogo, mshipi wa 0.30 na chubwi la gramu 40. Kanuni ya lida ni ile ile, aunsi moja na nusu ni ratili 15. Atupe kwa juu ya kichwa tu, wewe ukiwa umesimama upande wake wa kushoto kama atumia mkono wa kulia, na kila mara kabla ya kutupa aseme kwa sauti "natupa", aliye nyuma asikie. Ndoana ziwe ndogo, chambo kamba aliyemenywa, na mpeleke maji yakiwa yanajaa, saa mbili za mwisho kabla ya kujaa kabisa. Mita 20 tu mbele yake watakuwapo chaa, nao huuma kwa wingi, na mtoto wa umri huo anachotaka ni kuumwa mshipi.